Bustani ya nyumbani imegoma? Soma dalili na msimu kabla ya kununua dawa

Malalamiko ya watu wenye bustani za nyumbani hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Mchicha umenyauka ilhali unamwagiliwa kila siku. Matuta yaliyofunikwa vizuri kwa nyasi yamejaa konokono. Mboji ina miezi minne na bado ni takataka. Wengi wanaolalamika wamejifunza permakalcha, yaani kilimo kinachoiga mazingira ya asili, kwa bidii: wamechimba, wamefunika udongo, wamechanganya mazao, hawajaruka hatua. Tatizo mara nyingi ni kwamba mbinu waliyoifuata ni ya msimu mwingine au ya udongo wa mahali pengine. Tuta la kuinuka linaokoa mboga wakati wa masika, na tuta hilohilo linaziua kwa kiu mwezi Januari. Matandazo mazito ni rafiki wa kiangazi, lakini Aprili ni malazi ya konokono.

Mwongozo huu unawafaa zaidi watu wa Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Morogoro na Unguja, yaani sehemu zenye masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na joto la kaskazi la Januari na Februari. Dodoma, Singida, Iringa na Mbeya msimu wa mvua ni mmoja tu. Huko dalili ni zilezile, ila sogeza kalenda.

Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, nikamalizia na ile ya nadra. Fuata mpangilio huo. Ukaguzi mwingi unahitaji kijiti, kisu kikali na glasi ya maji safi, na ufanyike asubuhi kabla jua halijapanda, kwa sababu saa nane mchana karibu kila mmea unaonekana mgonjwa.

## Mbegu hazioti, au miche inalala chini

Anza na mbegu yenyewe. Chukua mbegu 10, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka mahali penye joto na usiache kitambaa kikauke. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu. Zikiota nane, tatizo liko kitaluni. Zikiota tatu, usilaumu udongo. Mgagani una tabia yake: mbegu zilizovunwa juzi huwa bado zimelala na huota vibaya, kwa hiyo tumia zilizokaa ghalani miezi kadhaa.

Sababu ya pili ni kuzika mbegu ndani mno. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga, inataka vumbi la udongo juu yake tu. Kipimo cha kawaida ni kina cha mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Kuna kosa jingine linalowapata hasa wapenzi wa matandazo: wanasia mbegu ndogo, kisha wanafunika nyasi nene na kuziacha hapohapo. Funika kwa nyasi chache kulinda unyevu, lakini mara zinapochomoza, ondoa.

Ikiwa mbegu zinatoweka, tafuta msururu wa sisimizi. Hubeba mchicha na figiri mchana kweupe. Sia kwenye trei iliyoinuliwa, miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji, na ubadilishe maji hayo kila baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane.

Miche iliyoota kisha ikasinyaa shingoni, pale inapogusa udongo, na kulala, ina kinyausi. Ni ugonjwa wa ukungu unaopenda kitalu kilichobanana, chenye kivuli kizito na maji mengi. Hauponyeki kwa mche ulioanguka, lakini unazuilika: punguza miche, mwagilia asubuhi badala ya jioni, ruhusu upepo, na usitumie samadi isiyoiva kitaluni. Mche uliokatwa kabisa kama kwa wembe ni kazi ya sota, yaani kiwavi mkata miche. Fukua sentimita mbili tatu kuzunguka shina, utamkuta amejikunja mviringo, rangi ya udongo. Muue, kisha visha miche iliyobaki vipande vya chupa ya plastiki vilivyokatwa kama pete, sehemu yake ikazama ardhini.

## Mimea inanyauka

Hii ndiyo dalili inayowapotosha watu kuliko zote, kwa sababu mmea wenye kiu na mmea unaozama kwenye maji hunyauka kwa namna moja. Mtu anaona majani yamelegea, anaongeza maji, na kama mizizi ilikuwa inakosa hewa, amemaliza kazi ya kuiua.

Chomeka kijiti au kidole hadi sentimita 10. Kikitoka kikavu, mmea una kiu. Kikitoka na matope na harufu ya kuoza, mizizi inakosa hewa. Kikitoka na unyevu wa wastani, maji hayahusiki, endelea chini.

Kama ni kiu, swali ni kwa nini, maana pengine unamwagilia kila jioni. Kumwagilia kidogo kila siku kunalowesha sentimita mbili za juu, mizizi inabaki hapohapo juu, na jua la kaskazi linaikuta. Mwagilia mara chache zaidi lakini maji yazame. Angalia pia matandazo: nyasi kavu zilizoshikana huzuia maji ya keni yasifike chini. Yainue uone. Na kama matuta yako ni ya kuinuka na udongo ni kichanga cha pwani, ifikapo Desemba yashushe. Tuta la kuzama, sentimita 15 hadi 20 chini ya njia ya kupita, lenye mboji ya kutosha na matandazo ya sentimita 5 hadi 10, linatunza maji muda mrefu zaidi. Watu wanapenda matuta ya kuinuka kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Kwenye kichanga, wakati wa jua, hayana kazi.

Kama ni maji mengi, fanya kinyume chake. Inua tuta, fungua mfereji, ondoa matandazo kwa muda mpaka udongo upumue.

Mmea ukinyauka mchana, ukainuka jioni, kesho ukanyauka zaidi, na udongo una unyevu wa wastani, ng'oa mmoja ulioathirika zaidi uangalie mizizi. Ukiona vinundu vilivyovimba kama shanga, hao ni minyoo fundo. Usichanganye na vinundu vya kunde au maharage vinavyotengeneza naitrojeni: hivyo vimegandia pembeni ya mzizi, vinabanduka kwa kidole, na ukikipasua ndani ni chekundu au cha waridi. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na havibanduki. Eneo hilo usirudishie nyanya, bamia wala bilinganya. Panda marejea (mmea wa kurutubisha udongo) msimu mzima, kisha yachanganye na udongo. Au tumia joto la Januari na Februari: lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, kingo zizikwe, wiki nne hadi sita.

Nyanya, bilinganya au hoho ikinyauka ghafla ikiwa bado kijani, mizizi ikionekana mizima, fanya jaribio hili. Kata kipande cha shina cha chini, kirefu kama kidole. Kishike wima ndani ya glasi ya maji safi, sehemu iliyokatwa ikigusa maji tu, na usiitikise glasi. Weka kitambaa cheusi nyuma yake ili uone vizuri. Baada ya dakika tatu hadi tano, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Maji yakibaki maangavu na shina likipasuliwa likaonyesha mistari ya kahawia, yawezekana ni mnyauko wa ukungu wa fuzari.

Hapa simama. Mnyauko bakteria hauna dawa ya kunyunyizia, na atakayekuuzia amekula fedha yako. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, uchome au uzike mbali. Usiutie kwenye mboji. Usiruhusu maji ya tuta hilo kutiririkia matuta mengine, osha jembe na viatu. Eneo hilo lisione nyanya, bilinganya, hoho, mnavu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi. Ukiuona ugonjwa huu kwenye zaidi ya tuta moja, mwite afisa ugani wa kata kabla hujahamisha mche wowote wala udongo kwenda kwa jirani.

Sababu ya mwisho, na ya nadra kuliko inavyodhaniwa, ni mchwa. Hupenda zaidi vilivyokufa. Wakila mmea hai mara nyingi ni kwa sababu mmea tayari ulikuwa dhaifu kwa kiu, au bustani haina kitu kingine kikavu cha kula.

## Majani yanageuka njano

Kwanza jiulize: ni majani ya chini yaliyozeeka au machipukizi ya juu? Jibu la swali hilo linaokoa fedha nyingi.

Yameanza ya chini, jani zima limepauka. Naitrojeni imepungua. Katika bustani za permakalcha sababu kubwa si umaskini wa udongo bali maranda, pumba za mpunga au majani makavu yaliyochimbiwa ndani ya udongo. Vijidudu vinavyoozesha vitu hivyo vinakula naitrojeni yote, mboga inabaki na njaa. Vitu vikavu vikae juu kama matandazo, visichanganywe. Kama umeshachanganya, ongeza samadi iliyoiva au mkojo wa sungura au ng'ombe uliochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, umwagwe kwenye udongo na sio kwenye majani unayokula.

Yameanza ya juu, mishipa imebaki kijani. Madini ya chuma hayafiki kwenye mmea, kwa kawaida kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Ni jambo la kila siku kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama mashariki ya Unguja na sehemu za ufukweni. Dondoshea siki kwenye kijiko cha udongo mkavu. Ukichemka mapovu, ndiyo hiyo. Hapa majivu ni adui. Nimeona watu wakimwaga majivu ya jikoni kila wiki wakiamini ni mbolea ya bure, nayo yanazidisha ugonjwa uleule. Acha majivu, weka mboji nyingi, na chagua mazao yanayovumilia. Sehemu nyingine majivu ni mazuri, kiganja kimoja kimoja.

Kingo za majani zimeungua. Ikiwa ni majani ya zamani, huenda potasiamu imepungua. Ikiwa yameungua majani ya rika zote na juu ya udongo kuna utando mweupe, nenda kwenye sehemu ya chumvi hapa chini.

Majani mapya ya maharage au nyanya yamejikunja, yamesokotana, yamenyooka kama kamba. Kabla ya kusema ni virusi, fikiria samadi na nyasi ulizonunua. Baadhi ya dawa za magugu hubaki kwenye majani makavu, hupita tumboni mwa ng'ombe na kutoka zikiwa bado zina nguvu. Panda maharage kwenye makopo mawili, moja lenye udongo wako mtupu na jingine lililochanganywa na samadi hiyo. Wiki mbili hadi tatu zitakupa jibu. Kwa kweli jaribio hili lingefaa kufanywa kabla ya kushusha samadi yoyote ya mtu usiyemfahamu.

## Maji yanasimama, au yanapita kama hayakuja

Fanya kipimo kabla ya kuchimba chochote. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yanywewe yote, jaza tena, kisha pima yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Chini ya sentimita 2.5, udongo wako ni wa kufinyanga, usichimbe makinga maji (mitaro ya kukinga maji ya mvua) wala tuta la kuzama kabla ya masika. Kati ya sentimita 2.5 na 8, ni udongo wa kushukuru. Zaidi ya 10, ni kichanga, kila tone unalokinga utalihitaji.

Pia hesabu paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 40, mvua moja ya milimita 20, ni lita 800 zinazotua mahali pamoja kwa muda mfupi. Wengi huelekeza bomba la paa kwenye shimo la migomba na kuridhika. Shimo hilo litajaa. Kabla hujaamua maji yaingie wapi, amua yakizidi yatokee wapi, na njia ya kutokea iwe chini kuliko ukuta wa nyumba yako na wa jirani.

Maji yakisimama zaidi ya siku mbili kwenye shimo, mfereji, ndoo au kopo, mbu watakuwa wameanza. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wa dengi hupenda hasa vyombo vidogo vya nyumbani. Funika mapipa kwa wavu. Shimo lisilonyonya maji lijaze matawi, majani na samadi mpaka juu, hapo linabaki kuwa shimo la rutuba bila kuwa bwawa.

Usichimbe mwenyewe karibu na msingi wa nyumba, umbali usiofika mita tatu, wala karibu na karo la maji taka, nguzo ya umeme au ukuta wa kuzuia udongo. Kwenye mteremko mkali, makinga maji hulowesha udongo mpaka ukaporomoka; safu za Uluguru na Usambara zinajua hilo. Ukiona nyufa mpya ukutani au ardhini baada ya kuchimba, fukia, ondoa maji, mwite fundi wa ujenzi mwenye uzoefu siku hiyohiyo.

## Mboji haiivi, au inanuka

Chukua ngumi moja ya mboji kutoka katikati ya lundo, ikamue. Ikitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha. Isipotoa kitu na ikamwagika, ni kavu: hiyo ndiyo sababu kubwa ya mboji kulala kuanzia Juni hadi Septemba, na lundo lililojaa sisimizi linathibitisha. Libomoe, lipange upya ukinyunyizia maji kila tabaka. Ikichuruzika, changanya majani makavu na usogeze lundo chini ya kivuli au paa la makuti kabla ya masika.

Harufu kali ya choo inamaanisha vitu vibichi vimezidi na hewa haipo. Harufu ya amonia, ile inayochoma pua, ina maana samadi ya kuku imezidi. Zote mbili dawa yake ni vitu vikavu na kugeuza.

Kama unyevu uko sawa na hakuna harufu lakini hakuna joto, lundo ni dogo. Chini ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja, halishiki joto. Kwenye uwanja mdogo sana acha lundo, zika mabaki ya jikoni moja kwa moja ndani ya tuta lililopumzika, sentimita 30 chini.

Weka fimbo katikati ya lundo tangu mwanzo. Ichomoe baada ya siku tatu hadi nne uishike kwa mkono: ikiwa moto kiasi cha kutaka kuiachia, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi wiki baada ya wiki, rudi kwenye ngumi.

Vinyesi vya mbwa, paka na binadamu visiingie kwenye mboji ya mboga. Samadi mbichi ya mifugo isiwekwe kwenye tuta la mchicha unaokaribia kuvunwa: kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, hutaka ipite miezi minne kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, miezi mitatu kwa lisilogusa. Iliyoiva vizuri haina sharti hilo.

## Matandazo yameleta wageni

Konokono ndio wa kwanza, na ni wa masika. Punguza matandazo yabaki sentimita 2 hivi, yaache mbali na shina kwa upana wa vidole vitatu, kisha usiku toka na tochi uwaokote. Weka kipande cha ubao kibichi kati ya matuta; asubuhi kipindue, wamejikusanya chini yake. Vaa glovu au nailoni mkononi, wanabeba vimelea. Osha mboga vizuri. Usimwage chumvi bustanini kwa sababu yao, utawaondoa konokono na kubaki na udongo usioota kitu.

Panya wakijenga ndani ya nyasi nene, nyoka hufuata. Usiingize mkono kwenye matandazo wala lundo la matawi: tumia reki, vaa gambuti. Ukimwona nyoka, rudi nyuma, ondoa watoto, muite mwenye ujuzi wa kumtoa. Aliyeumwa asikatwe chale wala kufungwa kamba ya kubana. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja.

## Majani yana matundu, yamejikunja au yananata

Geuza jani. Nusu ya majibu yako chini yake.

Vidukari wamejikusanya kwenye chipukizi, na sisimizi wanapanda na kushuka: sisimizi wanawalinda ili wanywe utomvu wao mtamu, kwa hiyo shughulikia sisimizi pia. Wapige vidukari kwa maji ya kasi, au nyunyiza maji yenye sabuni laini ya mche iliyoyeyushwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni. Jaribu kwanza kwenye majani mawili. Sabuni ya unga haifai.

Vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kama wa buibui chini ya jani ni utitiri mwekundu. Huyu ni wa kiangazi na vumbi. Nyunyizia maji upande wa chini wa majani asubuhi, panda mimea ya kuzuia upepo na vumbi upande wa barabara.

Njia nyeupe pana kwenye majani ya nyanya, ndani yake kiwavi mdogo, na matundu kwenye tunda: kantangaze. Aliingia nchini mwaka 2014 na amezoea dawa nyingi. Kwa bustani ya nyumbani kinga ya kweli ni kuondoa majani yaliyoathirika kila asubuhi na kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani, kuzungushia wavu wenye matundu madogo sana, na kutopanda nyanya juu ya nyanya.

Mwarobaini unafanya kazi kwa wadudu wanaotafuna na wanaofyonza wakiwa bado wadogo. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku mmoja, zichujwe, zinyunyizwe jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake. Haziui papo hapo, rudia kila wiki. Maji ya tumbaku nayapinga kabisa: nikotini ni sumu kali kwa mwenye kunyunyiza, na tumbaku inaweza kuleta virusi kwenye nyanya.

Madoa ya kahawia yanayoenea upesi kwenye nyanya siku za mvua ni bakajani. Kwa pwani, ushauri wangu ni mgumu kwa wapenda nyanya: masika si msimu wake. Panda matembele, bamia, mlenda, kunde na kisamvu Machi hadi Mei, sia nyanya zihamishwe mvua zikipungua, na kipupwe kitakupa pamoja nazo kabichi, karoti na sukuma wiki.

## Maua yanadondoka, matunda yanaharibika

Nyanya zilizochanua Januari na Februari hudondosha maua kwa joto, hasa usiku ukibaki moto. Kivuli chepesi cha mbaazi au mlonge upande wa magharibi husaidia. Mmea mkubwa, kijani kibichi, usio na ua hata moja, umelishwa samadi kupita kiasi: acha. Maboga yakidondosha vitunda vidogo, nyuki hawakufika. Asubuhi mapema chukua ua la kiume, lenye kikonyo kirefu na lisilo na kijitunda nyuma, paka chavua yake kwenye la kike. Kitako cha nyanya kikiwa cheusi na kikavu, sio ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika kwa sababu maji yalikuwa ya kuruka, leo mengi, kesho hakuna.

## Chumvi

Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi. Mimina kikombe kwenye sahani nyeusi, kiache juani kikauke. Utando mweupe mzito unakutosha kujua. Maharage, vitunguu na karoti hulalamika mapema. Mnazi na spinachi huvumilia zaidi. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya vitalu na mazao dhaifu, funika udongo ili chumvi isipande na mvuke, na wakati wa masika achia mvua ipite katikati ya matuta iioshe chini, mradi kipimo chako cha shimo kilionyesha udongo unanyonya. Maji ya kufulia yana tatizo lilelile: sabuni za unga zina sodiamu. Yapeleke kwenye migomba, yasilale ndooni zaidi ya siku moja, na yasiguse mboga za majani. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyapeleke popote bustanini.

## Yanayohitaji mtaalamu leo

Mtu aliyeshika kiuatilifu kisha akaanza kutoa mate mengi, kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida: mwondoe hapo, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi, mpeleke hospitali pamoja na chupa au lebo yake. Dawa iliyouzwa kwenye chupa ya soda au maji usiinunue hata kama jirani anaisifu, na chupa ya hivyo ikiwa nyumbani kwako imwonyeshe afisa kilimo, usiimwage chooni wala mtaroni.

Kiwanja kilichokuwa gereji, mahali pa kuchoma taka au pa kufungulia betri za magari kinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na madini hayo hayaonekani kwenye afya ya mmea. Usile mboga za hapo kabla ya kipimo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima kemikali. Kwa rutuba, chumvi na uchachu wa udongo, kuna maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Sampuli ichukuliwe hivi: sehemu nane hadi kumi za bustani kwa mwendo wa kupinda, kina cha sentimita 20, zichanganywe kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea. Toa nusu kilo, ianike kivulini, itie kwenye mfuko safi, na mfuko huo ndani ya mwingine. Tuta linalosumbua lichukuliwe sampuli yake peke yake. Ndani ya mfuko wa nje weka karatasi inayosema umepanda nini misimu miwili iliyopita, umeweka samadi au majivu kiasi gani, na maji unayomwagilia yanatoka wapi.